Meya wa Nani? Dar es Salaam na Kura Ambayo Mkazi Haipigi

Jioni moja Mbagala Rangi Tatu, kwenye kijiwe cha kahawa ninachopenda kupita nikitoka kazini, muuza kahawa alikuwa amekwisha kuzungusha vikombe mara mbili na sahani ya kashata ilikuwa imebaki makombo. Mazungumzo yalikuwa ya taka. Mtaa ule ulikuwa umekaa wiki ya pili bila gari la mkandarasi kupita, na viroba vilivyopangwa kando ya mfereji vilikuwa vimeanza kupasuliwa na mbwa.

"Huyu Meya wa Jiji ametusahau kabisa huku," alisema mzee mmoja, fundi magari.

"Mjomba, yule si meya wako," kijana wa bodaboda akamjibu. "Wako yupo Temeke."

"Sasa wa Jiji la Dar es Salaam ni meya wa nani, kama mimi ninayekaa Dar es Salaam si wangu?"

Hakuna aliyemjibu mzee yule, na nimekuwa nikilibeba swali lake tangu siku hiyo. Huko mitaani maoni juu ya mameya na madiwani ni mengi na makali: hawaonekani, wanakula posho, wanavaa majoho na kukata utepe. Mengi yana ukweli ndani yake. Lakini kadiri nilivyofuatilia nimeona kwamba hasira ile humwangukia mtu mwenye madaraka kidogo kuliko tunavyodhani, na wale wenye madaraka yenyewe hupita pembeni bila kuulizwa.

Kijana wa bodaboda alisema kweli. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli alitangaza kuvunjwa kwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa mwavuli wa manispaa zote, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Tangu hapo mkoa una mamlaka tano zilizosimama kila moja peke yake: Jiji la Dar es Salaam, ambalo mipaka yake ni ile ile ya Ilala, pamoja na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ina meya wake, mkurugenzi wake na bajeti yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na hakuna kiongozi hata mmoja wa kuchaguliwa anayewajibika kwa wote. Anayesimamia mkoa mzima ni Mkuu wa Mkoa, naye huteuliwa na Rais.

Halafu hata hao watano hatuwachagui sisi. Siku ya uchaguzi mkuu mkazi hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani wa kata. Meya hupatikana baadaye, ndani ya ukumbi, kwa kura za madiwani. Wanaopiga ni madiwani wa kata, wa viti maalumu na wabunge wa eneo hilo. Meya hukaa miaka mitano, naibu wake huchaguliwa upya kila mwaka. Mpangilio huu umo katika sheria ya mamlaka za miji ya mwaka 1982, na kwa miaka mingi haukumsumbua mtu, kwa sababu chama kilikuwa kimoja na hata vilipokuja vyama vingi mwenye wingi alijulikana.

Uligeuka kuwa mgogoro baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015. Vyama vya upinzani vilivyoungana chini ya UKAWA vilipata madiwani wengi Dar es Salaam. Hesabu ilikuwa wazi, lakini uchaguzi wa meya wa jiji uliahirishwa mara kwa mara. Upinzani ulilalamika kwamba wajumbe wasio wa Dar es Salaam wanaingizwa kwenye orodha ya wapiga kura. Mwisho wa Februari 2016 wajumbe walifika ukumbi wa Karimjee wakaambiwa kuna zuio la mahakama, kukazuka vurugu, na wabunge wakajikuta mikononi mwa polisi. Kura ilipigwa tarehe 22 Machi 2016, karibu miezi mitano baada ya wananchi kumaliza kazi yao. Isaya Mwita wa CHADEMA, diwani wa Vijibweni, alipata kura 84; Omary Yusuph Yenga wa CCM alipata 67.

Nakumbuka jinsi watu walivyoifuata habari ile redioni na kwenye simu, kana kwamba ni mechi ya Simba na Yanga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kujua kuwa meya huchaguliwa na madiwani. Na hapo ndipo tulipoanza kuelewa thamani ya diwani, mtu ambaye kwa kawaida tunamchagua bila kumsikiliza, tukimalizia karatasi ya mwisho haraka haraka tutoke kwenye foleni.

Kilichofuata kilitufundisha zaidi. Miaka ile ilikuwa ya kile kilichoitwa kuunga mkono juhudi. Madiwani wa upinzani walijiuzulu, wakahamia chama tawala, wakasimama tena katika uchaguzi mdogo na kurudi ukumbini upande wa pili. Omary Kumbilamoto, diwani wa Vingunguti, alikuwa naibu meya wa Ilala kwa tiketi ya CUF. Mwaka 2018 alihamia CCM, akachaguliwa tena, kisha akawa Meya wa Ilala, na 2021 akawa meya wa jiji jipya. Sheria haikukataza lolote katika hilo. Lakini mpiga kura aliyesimama juani mwaka 2015 aliona uamuzi wake juu ya nani aongoze halmashauri ukibadilishwa na watu wachache kwenye ofisi za vyama. Januari 2020 ikawa zamu ya Isaya Mwita mwenyewe. Kikao cha kumwondoa kiliitishwa Karimjee na akatangazwa kuondolewa, huku yeye na chama chake wakipinga kwamba theluthi mbili iliyotakiwa haikutimia. Miezi kumi baadaye uchaguzi mkuu wa 2020 uliipa CCM karibu viti vyote vya udiwani jijini, na ushindani ukahamia kwenye vikao vya ndani vya chama. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kabisa kwenye karatasi ya kura, na siku yenyewe jiji liliingia katika maandamano, vifo, kukatika kwa intaneti na amri ya kutotoka nje usiku. Mtu akiniambia leo kwamba haoni sababu ya kujali nani ni meya, naielewa njia iliyomfikisha hapo, na inaniuma.

Hata hivyo nadhani kosa letu kubwa ni kuitazama kura ya meya peke yake. Tuseme tumempata meya tuliyemtaka. Ana nini mkononi?

Nenda kanunue umeme. Ukiingiza fedha za LUKU mara ya kwanza kwa mwezi utakatwa kodi ya jengo: shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa, viwango vilivyoanza Julai 2023 baada ya vile vya mwanzo vya 1,000 na 5,000. Kodi hiyo zamani ilikuwa ya halmashauri. Mwaka 2016 ilipelekwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na mwaka uliofuata ada za mabango zikaenda huko huko. Halmashauri hurejeshewa sehemu tu. Kodi ya jengo ndiyo mapato ambayo miji mingi duniani huyategemea, kwa sababu nyumba haihami, na kwa sababu mwenye nyumba anayelipa kodi mjini kwake humdai meya wake mfereji na taa ya barabarani. Uzi kati ya risiti na huduma ukishakatwa, mdai hamjui mdaiwa. Mpangaji wa Manzese anayekatwa kodi ya jengo la mwenye nyumba wake kupitia umeme hana hata pa kwenda kuuliza.

Barabara za mitaa nazo zilihamishwa mwaka 2017 kwenda TARURA, wakala wa serikali kuu. Diwani hufokewa kwa sababu ya shimo ambalo hana fundi wa kulifukia. Maji yako DAWASA, mabasi ya mwendokasi yako chini ya wakala wa DART, umeme ni TANESCO. Mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, ule wa kunusuru Jangwani na mafuriko, uko chini ya TAMISEMI. Kwa halmashauri yamebaki masoko, shule za msingi, zahanati, taka, vibali vya ujenzi, leseni za biashara na ushuru wa huduma, ambao hutozwa kwenye mauzo ya kampuni. Hayo si madogo. Mtoto anayekaa chini darasani Chanika anakaa chini kwa uamuzi wa halmashauri. Lakini ndani ya hayo yaliyobaki bado kalamu ya meya ni fupi, kwa sababu mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu na msimamizi wa fedha, huteuliwa na Rais. Baraza likimchukia linaweza kupeleka malalamiko, kumfukuza haliwezi.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha baraza la madiwani, cha kawaida cha robo mwaka, katika moja ya halmashauri za mkoa huu. Vikao hivyo viko wazi kwa mwananchi yeyote. Meya alikaa mbele na joho lake, mkurugenzi pembeni yake kama katibu wa kikao. Diwani mmoja mama, sauti kavu ya mtu aliyezoea mikutano ya hadhara, alisimama akauliza kwa nini zahanati ya kata yake ina jengo lililopauliwa tangu bajeti ya mwaka juzi na haina milango. Nilitazama macho ya watu wote ukumbini. Yalipita kwa meya bila kusimama, yakatua kwa mkurugenzi, naye akageuka kumtazama mhandisi. Jibu lilikuwa kwamba fedha hazijashuka. Mama akauliza zinashuka kutoka wapi ikiwa zilipitishwa humu humu ukumbini kwenye mapato ya ndani. Meya akamwomba awe na subira, na ajenda ikasonga.

Mama yule aligusa mshipa. Fedha ya halmashauri "inashuka" hata pale ilipokusanywa na halmashauri yenyewe, maana inaingia kwenye mfumo na akaunti zinazoongozwa kutoka juu. Mikopo ya asilimia kumi ni mfano ambao vikundi vya mitaani vinaujua vizuri zaidi kuliko sisi waandishi. Sheria ilizitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ikaisimamisha kwa sababu ya ubadhirifu ulioonekana kwenye ukaguzi, na ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Ubadhirifu ulikuwepo, vikundi hewa vilikuwepo, na ilikuwa haki kuuzuia. Lakini kinamama wa kikundi ninachokijua, waliokuwa wamekwisha kusajiliwa na kufungua akaunti, walibaki mwaka mzima wakimuuliza diwani wao swali ambalo majibu yake yalikuwa Dodoma.

Na machinga? Hakuna suala lililowagawa watu wa mji huu kama hilo. Mwenye duka Kariakoo anasema barabara imezibwa, mwenye meza anasema ana watoto wa kusomesha, mpita njia anataka nafasi ya kutembea na pia anataka bei ya chini. Ni aina hasa ya mgogoro unaofaa kuamuliwa na baraza, mbele ya pande zote, kata kwa kata. Badala yake, mwishoni mwa 2016 tamko kutoka Ikulu lilisema wasisumbuliwe. Mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya shilingi 20,000, navyo kutoka Ikulu. Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani kwa usimamizi wa Mkuu wa Mkoa. Kila mara halmashauri ndiyo iliyotuma mgambo au kutafuta maeneo, na kila mara lawama ikabaki kwake. Sikumbuki tukiulizwa, wala madiwani wetu wakiulizwa, kama wenye neno la mwisho.

Wapo wanaosema ni heri hivyo. Nimewasikia wazee wa Ilala na Magomeni wakiikumbuka Tume ya Jiji kwa hamu. Mwaka 1996 serikali ililivunja baraza la madiwani la Dar es Salaam, ikaweka tume chini ya Charles Keenja, ikatawala hadi 2000. Wazee husema taka zilizolewa, mitaa ikapata majina na vibao, na hapakuwa na siasa. Hoja hii ina uzito na haifai kudharauliwa, kwa sababu watu wanakumbuka walichokiona kwa macho. Lakini ninakumbuka pia kwamba tume ile ilipewa nguvu na msukumo wa serikali kuu ambao madiwani hawakuwahi kupewa kabla wala baada. Ukimfunga mtu miguu kisha ukamshindanisha na aliyefunguliwa, hujapima mbio za yeyote. Tena tume ikiharibu, mkazi hana siku ya kuiondoa.

Na hii haikuwa mara moja. Mwaka 1972, chini ya sera ya madaraka mikoani, serikali za mitaa zilifutwa, na halmashauri za miji zikarudi 1978 baada ya huduma mijini kudorora vibaya. Mwaka 1996 ya Dar es Salaam ikavunjwa. Mwaka 2021 ikavunjwa tena. Mara tatu katika miaka hamsini. Meya wa kwanza Mwafrika wa mji huu, mwaka 1960, alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyetuachia kitabu cha sheria za utunzi pamoja na diwani yake. Lugha yetu imelipa neno diwani maana mbili, kitabu cha mashairi na mjumbe wa baraza, na nikilitaja jina lake huwa nawaza juu ya mji uliomchagua mtu wa namna ile kisha ukajifunza kuishi bila kutarajia kitu kutoka kwenye ukumbi aliouongoza.

Dawa inayotajwa sana vijiweni ni moja: meya achaguliwe na wananchi wenyewe. Ninaiunga mkono kwa moyo, ila majirani zetu wametangulia na inafaa tuangalie walipojikwaa. Kampala humchagua Meya Mkuu kwa kura ya moja kwa moja. Erias Lukwago alishinda 2011, lakini sheria ya 2010 iliyounda mamlaka ya jiji ilikuwa imempa mkurugenzi mtendaji, mteule wa Rais, fedha na watumishi wote. Miaka ile Lukwago na mkurugenzi huyo, Jennifer Musisi, walivutana hadi mahakamani, na Novemba 2013 baraza likapiga kura kumwondoa meya ambaye wakazi walikuwa wamemchagua. Akashinda tena 2016 na 2021. Kura ya watu ilimpa sauti, haikumpa funguo.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Katiba ya 2010 ilifuta mameya wa zamani waliochaguliwa na madiwani, na tangu 2013 Nairobi na Mombasa zina magavana wa kuchaguliwa, wenye bajeti na mawaziri wa kaunti. Hapo funguo zilitolewa. Hata hivyo Februari 2020 Gavana Mike Sonko, akiwa na kesi za rushwa mgongoni, alisaini Ikulu kukabidhi majukumu makuu ya kaunti kwa serikali kuu, na Meja Jenerali Mohamed Badi akawekwa kuyaendesha. Desemba ya mwaka huo huo Sonko aliondolewa na bunge la kaunti na Seneti. Mkazi wa Nairobi alipata la kujifunza: kiongozi aliyechaguliwa akioza, mlango wa kurudisha madaraka Ikulu hufunguka kwa urahisi.

Kwa hiyo ningependa mpangilio wa madai yetu ubadilike. La kwanza liwe mkurugenzi: nafasi itangazwe, baraza limwajiri na baraza limwajibishe. Ibara za 145 na 146 za Katiba ya Tanzania tayari zinasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na sioni jinsi hilo linavyotimia wakati mshika fedha anamwangalia mteuzi wake aliye mbali. La pili kodi ya majengo irudi nyumbani, na risiti iseme imekwenda halmashauri ipi. La tatu, na hapa najua nitapingwa, mji mzima upate tena chombo kimoja cha kuchaguliwa chenye kazi chache lakini za kweli: taka, mafuriko, usafiri, mipango miji. Mto Msimbazi hausimami kwenye mpaka wa halmashauri kuomba ruhusa ya kupita. Taka za mkoa mzima zimekuwa zikiishia dampo la Pugu Kinyamwezi, na watu wa Pugu wanavuta moshi wa taka za wapiga kura ambao meya wao si wa Pugu. Lile jiji la mwavuli lililovunjwa 2021 halikuwa na kata zake wala mapato ya kutosha, na waliolilaumu kwa kula michango ya manispaa walikuwa na hoja. Lilipaswa kutengenezwa. Baada ya hayo matatu, tuje kwenye kura ya moja kwa moja, maana hapo kutakuwa na kitu cha kukipigia kura.

Wakati hayo hayajawa, yapo yanayowezekana kesho asubuhi. Ratiba ya vikao vya baraza inapatikana ofisi ya kata kwa mtendaji. Makadirio ya bajeti ya halmashauri yanajadiliwa na madiwani kila mwaka kabla ya Juni. Wenyeviti wa mitaa, waliochaguliwa Novemba 2024, wanatakiwa kuitisha mkutano wa wakazi na kuwasomea mapato na matumizi. Mtaani kwangu mkutano wa mwisho wa namna hiyo ulihudhuriwa na watu wasiofika thelathini, nami niliukosa ule uliotangulia.

Siku ile ya kikao, baada ya swali la mama wa zahanati, nilihesabu viti vya wananchi nyuma ya ukumbi. Tulikuwa watu saba, na watatu walikuwa waandishi wa habari. Wakati wa mapumziko nilimfuata yule diwani nikamuuliza kama watu wa kata yake wanajua alichokuwa akikipigania. Akakunja makaratasi yake, akayatia kwenye mfuko wa kitenge. "Kaka yangu," akasema, "wangekuwepo hata ishirini hapo nyuma, lile jibu la fedha hazijashuka lisingetoka."

Jumamosi iliyofuata nilipita Rangi Tatu kumtafuta fundi magari. Nilimpa tarehe ya kikao kijacho cha Temeke. Akachukua kalamu ya wino mzito kwenye sanduku la vifaa vyake na kuiandika ukutani, juu ya namba za simu za wateja wake anaowadai.